Ulinzi huvujia kwenye makabidhiano: kampuni, polisi na mtaa wetu wa mlimani Mwanza

Kabla mtaa wetu haujawa na ulinzi, ulikuwa na walinzi wengi. Nyumba zenye geti zilikuwa na wazee wao wa kirungu na tochi, maduka ya barabarani yalikuwa na vijana wao, na nyumba mbili tatu zilikuwa na askari wa kampuni wenye sare. Hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya mwenzake. Mwizi aliyetoka uani kwa mmoja na mtungi wa gesi begani alipita mbele ya lindo la mwingine, na huyo wa pili hakuona sababu ya kumsimamisha, maana halipwi kulinda njia. Asubuhi mwenye mali anashuka kituoni, anaandikisha, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, anarudi nyumbani na kikaratasi chake, basi.

Sasa hali imebadilika, ingawa wizi haujaisha, na atakayekwambia umeisha ujue ana kitu anataka kukuuzia. Tumeajiri kampuni moja kwa mtaa mzima, tumekaa na polisi, watu wamekamatwa, kesi nyingine zimesimama na nyingine zimeanguka. Tunawaandikia wajumbe wa kamati za ulinzi na usalama za mitaa mingine, hasa ya milimani huku Ilemela na kule Nyamagana, ambao wako kwenye hatua ya kuitisha mkutano na kuulizana waweke kampuni gani. Swali hilo ni la tatu au la nne. La kwanza ni hili: mlinzi akimkamata mtu saa nane usiku, nini kinafuata mpaka mtu huyo asimame mbele ya hakimu? Kama kamati haiwezi kulijibu hatua kwa hatua, michango ya wakazi itapotelea hapo hapo, hata mkileta walinzi hamsini.

Usukumani wananchi kujilinda si jambo geni. Sungusungu walianzia huku na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na silaha zilipozagaa baada ya vita vya Kagera, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Mwaka 2006 Jeshi la Polisi, chini ya mkuu wake (IGP) Said Mwema, likaja na Polisi Jamii, na huo "ulinzi shirikishi" tunaoutaja kila mkutano umekulia humo. Wazee wanaukumbuka mwano: yowe likipigwa kila mwanamume anatoka, asiyetoka anatozwa faini. Watu wanakuja mkutanoni na picha hiyo kichwani, wakitegemea kampuni iwafanyie hayo kwa malipo ya mwezi.

Haiwezi. Askari wa kampuni hana mamlaka ya polisi. Uwezo wake wa kukamata ni ule wa raia yeyote aliyeshuhudia kosa likitendeka mbele yake: amshike, asitumie nguvu kuliko inayohitajika, amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hatozi faini. Haingii chumbani kwa mtu kupekua. Hamfungii mtu ofisi ya mtaa mpaka asubuhi, wala hamhoji mpaka akiri. Kwenye mkutano mkuu wa mtaa itengwe nusu saa nzima kwa jambo hili peke yake, na Mkaguzi wa Kata (wengine bado wanamwita polisi kata) aalikwe alieleze yeye. Likisemwa na mwenyekiti, watu wanabisha. Likisemwa na mwenye nyota begani, wanauliza maswali.

Anzeni na daftari, kampuni baadaye

Kabla ya kuita kampuni hata moja, kusanyeni matukio ya mwaka uliopita. Mjumbe apite nyumba kwa nyumba na maswali sita tu: siku gani, saa ngapi, waliingilia wapi, walichukua nini, nyumba ilikuwa na mtu, na je, polisi waliarifiwa? Kisha nendeni kwa mkuu wa kituo, OCS, na barua ya mwenyekiti mkaombe mlinganishe na yaliyoandikishwa. Pengo kati ya orodha hizo mbili litawashangaza. Kwetu watu wengi hawakuwa wanaripoti vitu vidogo, na kwa sababu hiyo kituoni mtaa ulionekana mtulivu, na mtaa unaoonekana mtulivu hauletewi doria. Kuripoti mita ya maji iliyoibwa kuna faida hata kama mita haipatikani.

Mchoreni mtaa kwenye karatasi kubwa, mweke alama kila palipotokea kitu. Sisi tuliamini, kama wengi, kwamba wizi ni wa usiku wa manane. Alama zikaonyesha makundi mawili. Kuvunja milango na madirisha kulikuwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, hasa mvua ikinyesha, maana bati likipigwa na mvua ya masika husikii hata mlango wako mwenyewe ukipasuliwa. Lakini vitu vya uani, yaani mitungi ya gesi, pampu za maji, betri, nguo na masufuria, vilikuwa vinaondoka kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, familia ikiwa sebuleni na taa za nyuma zimezimwa ili kubana umeme. Na saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ambayo walinzi karibu wote wa mjini wanabadilishana malindo. Wa mchana anakunja koti, wa usiku bado yuko kwenye daladala.

Tulichoomba baadaye kwenye mkataba ni shifti zisizobadilishana kwa wakati mmoja. Katika kila jozi ya usiku, mmoja anaingia saa kumi na moja jioni na kutoka saa kumi na moja alfajiri, mwenzake anaingia saa moja usiku na kutoka saa moja asubuhi. Haiongezi gharama hata shilingi. Kampuni nyingine zitakataa kwa sababu gari lao la kusambaza askari lina mzunguko mmoja tu, na hiyo nayo ni taarifa nzuri kuhusu kampuni.

Hesabu ya walinzi

Watu wengi hawapendi sehemu hii, lakini hapa ndipo mitaa mingi huuziwa usingizi.

Usiku mmoja wa saa kumi na mbili, mara siku saba, ni saa 84 kwa wiki kwa mtu mmoja kwenye lindo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya: lindo moja la usiku tu linataka karibu watu wawili. Doria ya wawili wawili kila usiku inataka wanne kwenye orodha. Lindo la saa 24 ni saa 168 kwa wiki, nalo linataka wanne kwa mtu mmoja anayeonekana getini. Kampuni ikikwambia itawapa "walinzi wawili wa usiku" na ukaona ni wale wale Jumatatu mpaka Jumapili, ujue mnawalipia watu waliolala. Binadamu hawezi kukesha usiku saba mfululizo, wiki baada ya wiki, ndiyo maana utamkuta saa tisa ameegemea jabali, kirungu katikati ya miguu.

Sasa bei. Chukua mfano, na ni mfano wa kupigia hesabu tu, usiuchukue kama bei ya soko: mshahara wa 250,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20, na mwajiri akibeba nusu yake ni 25,000. Posho ya usiku ni asilimia 5 kwa saa zinazoangukia kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo katika shifti ya saa kumi na mbili, saa kumi zinahusika: kama 10,400. Likizo ya siku 28 kwa mwaka lazima mtu mwingine aishike nafasi hiyo: kama 19,200 kwa mwezi. Tumefika 304,600, na bado sare, buti, koti la mvua, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, msimamizi, mafuta na faida ya kampuni. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo 304,600 tu, inapita 359,000. Basi kampuni ikikuletea ankara ya 300,000 yenye VAT ndani na kukuhakikishia kwamba inalipa 250,000, kuna mtu anaumia. Kwa kawaida ni mlinzi. Analipwa nusu, au anakaa miezi miwili bila mshahara, na mlinzi mwenye njaa anayejua nyumba gani imesafiri ni hatari kuliko kukosa mlinzi kabisa.

Ombeni mambo manne kabla ya kusaini: cheti cha usajili na kibali cha kampuni, uthibitisho wa michango ya NSSF ya miezi ya karibuni, risiti ya EFD (mashine ya kodi) kwa kila malipo, na majina na picha za askari watakaoletwa pamoja na uthibitisho kwamba alama zao za vidole zilipelekwa polisi kuchunguzwa. Kima cha chini cha mshahara kwa ulinzi binafsi kimo kwenye tangazo la serikali la mishahara. Litafuteni lililo hai mlinganishe.

Upande wa kuchangisha, msipange bajeti kwa idadi ya kaya. Pangeni kwa theluthi mbili ya kaya. Walinzi wanne kwa mfano wa ankara ya 400,000 kwa mwezi kila mmoja ni 1,600,000. Kaya 200 zikigawana ni 8,000 kila moja, lakini theluthi wasipolipa, waliobaki wanatakiwa watoe kama 12,000. Tangazeni 12,000 tangu mwanzo, ziada ikiwepo iwe akiba ya betri za tochi na nauli za mashahidi. Mkianza na 8,000 na kuipandisha mwezi wa tatu, wanaolipa vizuri ndio watakaojitoa wa kwanza. Nyumba za kupanga zina ugonjwa wake: mpangaji anasema ni kazi ya mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko Dar au Geita na hapokei simu. Kilichofanya kazi ni kukubaliana na wenye nyumba, mmoja mmoja, kwamba kiasi hicho kiingie kwenye kodi. Fedha ipitie lipa namba ya akaunti yenye watia saini wawili, na orodha ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa kila mwezi. Fedha taslimu mkononi mwa mjumbe ndiyo huwa mwanzo wa maneno.

Bunduki msizidai. Kwenye vichochoro vya mlimani, nyumba zimebanana na ukuta ni wa tofali moja, risasi ya mlinzi haijui inakokwenda. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na ina masharti mazito ya umiliki na utunzaji. Isitoshe, bunduki yenyewe huwa ndiyo kinachowaleta majambazi. Tochi yenye mwanga wa kufika mbali, filimbi, kirungu, koti la mvua na simu yenye salio vinatosha doria ya mtaa. Redio za upepo zinasaidia sana mlimani mtandao unaposumbua, lakini masafa yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo kampuni iwe nayo tayari. Msinunue redio za dukani na kuanza kuita tu.

Kukaa na polisi

Mkutano na polisi ufanyike kabla mkataba wa kampuni haujasainiwa, na kampuni iwepo. Wahusika ni OCS, Mkaguzi wa Kata, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, msimamizi wa kampuni na mtu mmoja wa kijiwe cha bodaboda wanaokesha. Huyo wa mwisho watu wanamsahau. Bodaboda wa usiku anajua kila pikipiki isiyo ya kijiwe inayopita, na doria isiyoelewana naye inafanya kazi jicho moja likiwa limefumbwa.

Msitoke kwenye mkutano huo na picha ya pamoja tu. Tokeni na majibu yaliyoandikwa. Mlinzi akipiga simu anampigia nani kwanza? Sisi tulikubaliana apige 112 au namba ya zamu ya kituo, kisha msimamizi wake, kisha mwenyekiti. Asimpigie mjumbe ili mjumbe ampigie mwenyekiti ili mwenyekiti ampigie afande anayemfahamu, maana kwa njia hiyo inapotea nusu saa. Gari la polisi linaweza kufika wapi? Kwetu linaishia palipo na lami, juu ni ngazi na mawe. Basi pakachaguliwa sehemu mbili za kukutania, zenye taa, na kila mlinzi anazijua. Nani anashuka na mtuhumiwa, nani anabaki kulinda mtaa? Doria ikiwa ya wawili na wote wakashuka, mtaa uko wazi, na wezi wanaofanya kazi kwa makundi wanalijua hilo.

Na mahali panatajwaje? Mwanza kila mtu anaelekeza kwa mawe. "Tuko karibu na jiwe kubwa." Afande wa zamu aliyehamia jana kutoka Mtwara afanyeje na sentensi hiyo, kwenye mji ambao hauna kona isiyo na jiwe kubwa? Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 vina kazi hapa. Mlinzi afundishwe kutaja kata, mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba, kwa mpangilio huo, ndipo aseme kinachotokea. Namba zilizofutika zipakwe rangi upya, brashi na kopo moja la rangi vinamaliza kipande kizuri cha mtaa.

Kuna suala la mafuta. Mtaambiwa, si kila kituo lakini mtaambiwa, kwamba gari halina mafuta. Msimpe askari fedha mkononi, hata kwa nia njema. Mchango wowote kwa polisi upitie barua kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na upokelewe kwa stakabadhi, la sivyo mtaa unaanza kununua huduma, na siku mtuhumiwa atakapokuwa na fedha zaidi yenu mtajua bei imepanda.

Kumshika mtu na kumkabidhi

Mlinzi hujifunza kazi yake kwa daftari la matukio. Maandishi ya kwanza tuliyokuwa tunayapata yalikuwa hivi: "Usiku shwari. Mtu mmoja alionekana akakimbia." Hayo hayamsaidii mtu. Baada ya msimamizi kukaa nao, yakawa hivi: "Saa 8:15 usiku, ngazi za chini, mbele ya nyumba namba 47. Wanaume wawili, mmoja mrefu koti la bluu, wamebeba kiroba. Wamesimamishwa, wamesema wanatoka mwaloni. Kiroba: dagaa. Wameruhusiwa saa 8:20." Hawakuwa wezi, na hilo nalo ni la kuandika, kwa sababu wiki ijayo wakipita tena saa ile ile bila dagaa, daftari litasema.

Kubalianeni pia saa gani inatumika. Mlinzi anaandika saa 8:15 usiku, polisi anaandika 0215, karani anaandika 8:15 bila kusema usiku, na mahakamani wakili wa utetezi anasimama kuuliza tukio lilikuwa saa ngapi hasa. Andikeni zote mbili kila mara.

Mtu akishikwa na mali, saa ya hatari ni ile robo saa kabla polisi hawajafika. Yowe likisikika watu wanatoka na mawe, na kazi ya mlinzi inageuka papo hapo: kutoka kumkamata mtu na kuwa kumlinda mtu huyo huyo. Wafundishwe wamkalishe chini, mgongo ukutani, wao wawili wasimame mbele yake wakitazama watu, na mmoja aseme kwa sauti kwamba polisi wako njiani. Anayepiga 112 ataje wazi kwamba kuna mkusanyiko, hilo hubadilisha kasi ya mwitikio. Mwenyekiti na mjumbe wa eneo waamshwe mara moja, maana watu wanamsikiliza mtu wa kwao kuliko sare. Mtuhumiwa akifa mikononi mwa "wananchi wenye hasira kali", mtaa hauna kesi ya wizi tena. Una kesi ya mauaji, na walinzi wenu ndio mashahidi wa kwanza, au washtakiwa wa kwanza.

Wasimpekue mwilini zaidi ya kumwondolea silaha. Mwanamke asiguswe na mwanamume. Mali iliyopatikana iachwe ilipo kama inawezekana, ipigwe picha hapo hapo, ndipo isogezwe. Mtu mmoja tu aishike mpaka polisi wafike. Kielelezo kilichopita mikono sita hakina mwenyewe mahakamani.

Sisi tulitengeneza fomu ya makabidhiano ya ukurasa mmoja, yenye nakala ya kaboni. Ina saa na mahali pa kukamatwa, jina la aliyekamata, kosa aliloliona kwa macho yake (sio alilohadithiwa), hali ya mwili wa mtuhumiwa pamoja na kila jeraha, vitu kimoja kimoja, kisha jina, namba na sahihi ya askari anayepokea. Polisi wana hati zao za kukamata mali, na fomu hii haizibadilishi. Kazi yake ni kumlinda mlinzi na kukumbusha. Mwanzoni baadhi ya askari wa zamu hawakutaka kuisaini. OCS alipoelezwa kwenye kikao, aliona inamsaidia na yeye, kwa sababu mtuhumiwa akifika kituoni amevimba jicho, fomu inaonyesha alivimba lini. Kama kuna aliyeumia, awe mtuhumiwa au mlinzi, PF3, fomu ya polisi ya matibabu, iombwe usiku huo huo. Msisubiri asubuhi.

Mlinzi aliyekamata aandike maelezo polisi kabla hajaenda kulala. Hapa kampuni nyingi huvuruga. Askari ametoka shifti, gari la kampuni linamchukua, kesho yake amepangiwa lindo jingine Buhongwa au Magu, na mpelelezi anatafuta shahidi asiyepatikana. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, kwa hiyo maelezo ya kesho kutwa yamechelewa. Halafu kesi ikiitwa, mlinzi haji, maana siku ya mahakama hailipwi. Kwenye mkataba wetu tuliweka vifungu viwili: askari aliyekamata hahamishwi mtaani bila kamati kuarifiwa, na siku anayoitwa mahakamani inahesabiwa ni siku ya kazi, nauli mtaa unalipa. Ni fedha ndogo kuliko zote kwenye bajeti, na kesi zilizokuwa zinaanguka kwa kukosa mashahidi zilianza kusikilizwa.

Wakazi nao wana sehemu yao. Ukiambiwa uitambue televisheni yako na huna la kusema zaidi ya "ni nyeusi", mtuhumiwa ataondoka nayo. Andika namba ya kiwandani iliyo nyuma ya kifaa, tunza risiti, kwenye simu bonyeza *#06# uandike namba zinazotokea. Mitungi ya gesi hubadilishwa dukani, basi namba iliyogongwa shingoni iandikwe upya kila ukibadilisha. Pampu ikwaruzwe herufi zako mahali pasipoonekana.

WhatsApp, mipaka na ziwa

Kundi la WhatsApp la mtaa ni zuri kwa kuamshana na ni baya kwa kila kitu kingine. Picha ya mtu yenye maneno "huyu ni mwizi" ikisambaa, mmejiingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa mpigo, na pengine huyo mtu alikuwa fundi wa dishi. Ratiba ya doria isiwekwe humo pia. Hamjui simu ya mpangaji aliyehama inasomwa na nani. Walinzi na polisi wawe na kundi lao dogo, la watu wasiozidi kumi.

Doria ikishika kasi, wizi unasogea mtaa wa pili. Msisherehekee. Baada ya muda wale wale wanarudi kupitia mpakani, kwenye korongo au mawe ambayo kila mtaa unadhani ni ya mwenzake. Tulikubaliana na majirani kwamba mwisho wa kila mzunguko walinzi wa pande mbili wakutane hapo mpakani na kusainiana madaftari, hata kama kampuni ni tofauti.

Mali ya wizi ya Mwanza ina milango ambayo miji isiyo na ziwa haina. Kilichoibwa mlimani saa tisa usiku kinaweza kuwa kwenye mtumbwi wa kwenda visiwani kabla jua halijachomoza. Wenye mitumbwi wanaijua njia hiyo vizuri, maana injini zao wenyewe huibwa na kuvushwa hivyo hivyo. Kwa hiyo namba ya kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo, mahali mitumbwi inapotia nanga) ya mwalo ulio karibu na namba ya Polisi Wanamaji ziwe kwenye simu ya msimamizi wa doria, na taarifa ya wizi mkubwa ishuke mwaloni usiku huo huo bila kusubiri RB ya asubuhi. Wauza vyuma chakavu nao watembelewe, kwa heshima, na Mkaguzi wa Kata akiwa mbele, waelezwe alama za mita za maji na pampu za mtaa. Wengine wataitikia tu. Wengine, wakijua wanajulikana, wanaanza kupiga simu wenyewe.

Kinachotusumbua mpaka sasa ni uhamisho. OCS anazoea mtaa, anaondoka. Mkaguzi wa Kata naye vivyo hivyo, na kampuni inabadilisha msimamizi bila kuuliza mtu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 uliingiza wenyeviti wapya sehemu nyingi, na kamati ambayo daftari lake lilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani ilianza upya kabisa. Faili letu linakaa ofisi ya mtendaji wa mtaa, na nakala ipo kwa katibu wa kamati: mchoro wa matukio, muhtasari wa kikao na polisi wenye sahihi, mkataba, fomu za makabidhiano na namba za kesi, pamoja na orodha ya simu yenye tarehe ya mara ya mwisho ilipohakikiwa. Afande mpya akiripoti kituoni, wajumbe wawili wanampelekea nakala ndani ya wiki ya kwanza, wanapanda naye ngazi mchana mpaka juu, kisha wanamwomba arudi usiku ajionee taa zinapoishia.